Sauti ya Kukaa na Bi Mwanahawa

Sogeeni karibu, simu wekeni kando, na anayejijua mwepesi wa kuamua asubiri kwanza nimalize.

Walikuwapo watu watatu Morogoro, wote wanafunzi wa mwalimu mmoja. Shomari alikuwa na kipaji cha kufufua kompyuta zilizokwisha kukatiwa tamaa. Eliakimu alikuwa na kipaji cha kuandika programu. Tausi yeye alijaliwa sikio: neno likitamkwa kombo, hapati raha mpaka alinyooshe.

Mwalimu wao, Bi Mwanahawa, aliwafundisha kazi ya kompyuta kabla hajapofuka. Sasa alikuwa mjane, watoto wako mbali, na nyumba ilikuwa na ukimya wa kuchosha. Vitabu alivyovipenda na barua pepe za wanawe vilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyogoma kuwaka. Wanafunzi wakakubaliana kuitengeneza, iwake na imsomee.

Shomari akaanza. Aliifungua, akaipangusa vumbi, akahifadhi kando vitabu na barua, akaondoa Windows na kuweka Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, akidai mashine ya uzee haitaki kubebeshwa mapambo. Ikawaka. Eliakimu alipoona kioo cheusi chenye mistari ya maandishi matupu, akashika kichwa.

"Shomari, hii kompyuta au hirizi?"

"Hirizi yangu inawaka! Hiyo Windows yako kwenye mashine hii, unaiwasha, unafua, unaanika, ukirudi bado inakukaribisha."

Bi Mwanahawa alicheka hadi akajishika mbavu. "Sisi tuliandika programu kwa kutoboa kadi za karatasi," akasema, "na hatukutukanana hivi."

Eliakimu akaandika programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Kwa ubishi wake aliiandika kwenye kompyuta yake ya Windows, na kwenye mashine ya Shomari ikakataa katakata. Akanuna. Kisha akameza kiburi, akajifunza Linux, akaiandika upya yote. Kwamba ameipenda, hilo hakulikiri hata kwa mama yake.

Programu ikasoma, lakini kwa sauti ya kuazima, ya Kizungu, na jina la Bi Mwanahawa likatoka kama mtu anapiga chafya. Hapo ndipo Tausi alipokaa nayo, akisahihisha neno baada ya neno, mpaka ng'ombe akawa ng'ombe. Wale wawili walikuwa wamehamia kwenye ugomvi mwingine, wa chombo gani ni bora kwa kuandikia programu.

"Jamani," Tausi akawakemea, "Mwalimu anangoja kusomewa, nyie mnagombea kalamu!"

Wakati wote huo Bi Mwanahawa aliwapikia chai. Walipomuuliza, "Imekaa sawa, Mwalimu?" alijibu, "Bado kidogo," hata ilipokuwa sawa kabisa. Aliiogopa siku ya kumaliza.

Likabaki jambo moja: kuitoa ile sauti ya kuazima na kurekodi ya mtu wa nyumbani. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ya sauti moja tu.

"Zawadi yangu kwenu ndiyo hiyo," alisema Bi Mwanahawa. "Sauti ya mmoja wenu ikae nami humu, inisomee kila siku."

Wote watatu waliitaka, maana wote walimpenda.

"Bila mimi isingewaka," alisema Shomari.

"Ingewaka ikawa bubu," akajibu Eliakimu.

"Na ingesema Mwalimu asiielewe," akamaliza Tausi.

Bi Mwanahawa alipapasa vibonye kwa vidole. "Wanangu, wote mmesema kweli. Lakini kuna kitu kinanitisha. Yule nitakayemweka humu, si ataona ameshanitembelea? Akichoka kuja atajiambia, Mwalimu ananisikia kila asubuhi. Na mimi sauti hiyo nikiikaribisha chai, haitaitika."

Kila mmoja alitamani kuapa kwamba atakuja, na kila mmoja akakumbuka miaka aliyoipitisha bila kubisha hodi pale. Bi Mwanahawa aliwasikia wakihema tu, akaumia.

Haya, semeni sasa. Shomari aliyeiwasha, Eliakimu aliyeifundisha kusoma, Tausi aliyeinyoosha ulimi: je, wewe ungempa nani nafasi ile moja? Na ukishampa, utakuwa umemtuza, au umemnyang'anya Bi Mwanahawa mgeni mmoja?