Gari la Jini Kamtari na Msarifu Aliyeonewa Haya

Sultani Ghalibu bin Munadhiri alitawala mji wa Nahrawa miaka arobaini, na mji huo ulikuwa na milango saba na hamamu mia, na njia zake zilikuwa ndefu hata mtu akitoka sokoni kwa miguu hufika kwake njaa ya pili imemshika. Na humo alikuwamo mshona matandiko ya farasi, jina lake Sefudini, mtu fakiri, ila marehemu ami yake alimwachia gari la mti wa msaji lisilovutwa na mnyama, kwa kuwa chini ya kiti chake aliishi jini Kamtari, aliyefungwa kwa ahadi amtumikie yeyote aliyepewa hatamu kwa ridhaa ya mwenyewe.

Sefudini hakuwa na safari. Kutwa alikuwa na ngozi na sindano, na gari limesimama uani kuku wakitagia humo. Basi akawa analikodisha kwa majirani, na kwa kodi hiyo akala nyama na kuezeka nyumba, na majirani wakafika waendako bila kununua gari. Heri kwa wote. Lakini desturi ya Nahrawa ilikuwa hivi: gari likitoka na likirudi, huzungukwa na kutajwa kwa sauti aibu zake zote, hapa pamekwaruzika, hapa pameoza, na jini asikie. Kwani Kamtari alikula yamini asitoe siri ya safari ya mtu hata mbele ya sultani. Aliyoruhusiwa kushuhudia ni yale yaliyotajwa katika kuzunguka huko, basi.

Asubuhi moja akaja Bwana Khattabi, msarifu, msimamizi wa mali ya jumba la sultani, harufu ya udi ikimtangulia, akasema anataka gari aende kuhani msiba. Sefudini akaona haya. Amzungushe mtu kama yule kwenye matope ya ua, amwonyeshe kwamba ukanda wa ngozi unaoshika mhimili umelika, na yeye mwenyewe ni mshona ngozi? Akampa hatamu, akainama, akanyamaza. Nami nasema wazi, sina subira na adabu ya namna hii. Ni ujinga tu.

Alasiri gari likarudi likikokotwa na punda wanne, gurudumu la kushoto limepasuka, sakafu imejaa vumbi jeupe la marumaru. Msarifu akapaza sauti mtaa mzima wasikie kwamba amekodishwa gari bovu na ameponea chupuchupu, na sheria ya mji humpa aliyekodishwa gari bovu gari lenyewe na jini wake. Sefudini akamgeukia Kamtari, na Kamtari akajibu kwa huzuni kwamba bwana wake hakutaja kitu mbele ya msarifu.

Wakaenda barazani. Msarifu akasema kwa ufasaha mwingi, na sultani alikuwa ameshanyanyua mkono kutoa hukumu, alipojipenyeza mbele Bi Rayani, mkunga wa mji, mjane mwenye ulimi.

"Mtukufu Sultani," akasema, "gari hili nililirudisha mimi asubuhi ya leo, nimetoka kuzalisha nje ya mlango wa saba, kabla bwana huyu hajalitia mguu. Mwenyewe alikuwa kisimani. Nikalizunguka peke yangu nikataja kila kitu, maana sitaki maneno na mtu. Jini aulizwe."

Msarifu akacheka. "Mwanamke azunguke gari akisema peke yake kama aliyepandwa na pepo?"

"Wanao watatu nimewapokea mimi, Bwana Khattabi, na wewe ukilia nje ya mlango. Hunitishi."

Sultani akaamuru jini aitwe, na moshi ukaanza kupanda. Lakini kabla Kamtari hajafumbua kinywa, Sefudini akapiga magoti, jasho linamtoka.

"Ukanda wa mhimili ulikuwa umelika, bwana wangu. Nilijua. Niliona haya kusema."

Watu wa baraza wakatazamana, kwa kuwa mtu amejikatia kesi mwenyewe. Ndipo jini akasema kwa maneno yale yale aliyoyasikia: "Gurudumu la kushoto, zima, halina ufa. Ukanda wa mhimili, umelika nusu, na mwenyewe ni mshona ngozi, hana hata soni." Baraza likaangua kicheko.

Sultani akashuka mwenyewe akautazama ukanda, akauona umelika lakini haukukatika. Akapitisha kidole kwenye vumbi jeupe, akamuuliza msarifu ni msiba gani unaohaniwa kwa marumaru. Msarifu akakiri kwamba alibeba marumaru ya jumba, na uzito wake ndio uliopasua gurudumu. Basi akahukumiwa atengeneze gurudumu jipya la msaji, akavuliwa na muhuri wa kazi yake. Na Sefudini akaamriwa ashone ukanda ule kabla jua halijachwa, na kwa kuwa amesema kweli ya kumuumiza mwenyewe, akakabidhiwa magari ishirini ya sultani yaliyokuwa yakiozea bandani, awakodishe watu, na nusu ya kodi iwe yake.

Sefudini akataka kushukuru, akaketi pale pale sakafuni akicheka na kulia. Baadaye akamposa Bi Rayani, naye akamngojesha miezi miwili kwa sababu wajawazito walikuwa wengi, kisha akakubali, wakaoana, wakatajirika.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Nahrawa. Nawe unayempa mwenzio chombo chako, mpe, ni jambo jema na lina baraka. Lakini kwanza mwonyeshe kilipo kibovu, na umwonyeshe zaidi yule unayemwonea haya.