Msiba wa Kaka Mwinchande

Kama unamfahamu mtu anayesema umri wake wa kuanza jambo jipya umeshapita, mtumie hadithi hii. Msubiri kwanza ashibe.

Palikuwa na mama mmoja wa Kizaramo, Bi Mwamvua Pazi, aliyepelekwa kikazi katika mji mdogo wa bara akiwa bado msichana. Aliupenda mji ule, akazeekea huko huko. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa katika ofisi ya serikali. Wakubwa walikuja wakaondoka, yeye akabaki na mashine yake, akichapa barua za uhamisho, za onyo, za pongezi na za rambirambi. Kila barua ilikuwa na sahihi ya mtu mwingine.

Alipostaafu, watu walitarajia atafuga kuku. Wastaafu wote wa mji ule hufuga kuku, na kuku wakifa kwa mdondo, huhamia kwenye kuuza barafu. Bi Mwamvua hakutaka kuku wala barafu. Alimwambia binti yake, Sauda, aliyekuja likizo, kwamba tangu ujana wake ana hamu ya kutunga riwaya.

Sauda hakucheka. Alimfungulia blogu kwenye simu, akaiita Kibaraza cha Mwamvua, akamwonyesha mama yake pa kubonyeza, kisha akarudi zake Mwanza.

Basi kila asubuhi, akishaswali na kunywa chai, Bi Mwamvua aliketi barazani akaandika. Alimtunga mtu mmoja aitwaye Mwinchande, dereva wa lori aliyestaafu. Msimulizi wa riwaya alikuwa dada wa huyo Mwinchande, kwa hiyo kila baada ya mistari miwili mitatu ungekuta "kaka yangu". Mwinchande alikuwa mtu wa vituko. Alivaa kofia upande, alikwenda kuchumbia na chupa yake ya chai kwapani, na aliazima miavuli ya watu asiirudishe. Lakini roho yake ilikuwa nyeupe, na uzeeni mwake alimpenda mjane mmoja, Siwema, hadi akawa anasahau kula.

Kila Ijumaa Bi Mwamvua aliweka sura mpya kwenye blogu, kisha akaituma katika kundi la mtaa la wasapu. Hakusema kwamba ni riwaya. Neno lenyewe alilionea haya, aliliona ni la watu wenye shahada. Aliandika tu, "Jamani, nimeandika kidogo, someni," akaweka simu chini na kusubiri.

Hakuna aliyejibu. Tangazo la maji kukatika lilijibiwa na mtaa mzima. Mbuzi wa mtu akipotea, watu waliulizana rangi na pembe mpaka jioni. Sura ya Bi Mwamvua ilipita hapo katikati kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na la kusema, naye hakusema kwenye simu. Huyo ni Mzee Kapalata, jirani yake, seremala mstaafu, Mnyamwezi. Na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukwambia lolote, popote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mzee Kapalata aliitumia ruhusa hiyo bila kubakiza.

"Mwandishi," alimwita kutoka upande wa pili wa ua. "Umri huu wenzako wanachagua sanda, wewe unachagua maneno?"

"Sanda nitaanza kukununulia wewe," alijibu Bi Mwamvua.

Wote wawili walicheka. Lakini siku moja mzee yule aliongeza, "Maisha yako yote umechapa maneno ya wakubwa zako, Mzaramo. Ya kwako utayatoa wapi?"

Ulikuwa utani, na ulimchoma. Bi Mwamvua aliingia ndani, akakaa kitandani akijiuliza swali lile lile. Labda kweli hakuwa na la kwake. Labda mikono iliyozoea kunakili haiwezi kutunga, na watu wa mtaa walikuwa wanamwonea huruma tu kwa kunyamaza.

Alijikaza wiki chache zaidi. Kimya kiliendelea. Mwishowe aliamua kuandika sura moja ya kufungia, amuue Mwinchande, afute blogu, kisha anunue vifaranga kama binadamu wengine.

Alimuua huku analia. Sura ilianza hivi: "Kaka yangu Mwinchande ametutoka alfajiri ya leo, kofia ikiwa upande vile vile." Aliituma Ijumaa mapema, akazima simu kabisa, akaenda sokoni kuulizia bei ya vifaranga.

Aliporudi, alikuta turubai limefungwa uani kwake.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kanga zimefungwa viunoni. Masufuria ya wali yalikuwa tayari jikoni. Wanaume walikaa kwenye mabenchi nje wakiongea kwa sauti ya chini, na aliyekuwa na kofia aliivua alipomwona.

Mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Sauda.

"Nani?" aliuliza. "Niambieni nani."

Jirani yake Mama Tunu alikuja akamkumbatia. "Pole, mwenzangu. Tumeona asubuhi. Kwa nini uzime simu, ubebe uchungu peke yako, na sisi tupo?"

"Mama Tunu, nani amekufa?"

"Kaka yako. Mwinchande."

Bi Mwamvua alikaa chini pale pale, kikapu mkononi. Kwanza alimshukuru Mungu kwa ajili ya Sauda. Halafu akaanza kuelewa, na alivyozidi kuelewa ndivyo alivyozidi kukosa pa kutazama.

"Mlikuwa mnasoma?" aliuliza.

"Kila Ijumaa. Siku posa yake ilipokataliwa kule kwa Siwema, mimi chakula cha mchana hakikupita."

"Mbona hamkuwahi kusema hata neno?"

Mama Tunu alimshangaa. "Tungesemaje? Hayo ni mambo ya kaka yako, mambo ya ndani. Wewe mwenyewe umeamua kuyatoa, sawa, ni ndugu yako. Sasa sisi tuanze kumjadili mbele ya kundi zima, eti leo kachekesha, leo kaudhi? Hatukulelewa hivyo. Tulisoma, tukanyamaza, tukakuheshimu."

Kimya kile kilichomnyima raha miezi yote kilikuwa heshima. Bi Mwamvua alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, lakini hakupata nafasi ya lolote, kwa sababu mlangoni kulizuka minong'ono. Mtani alikuwa amefika.

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Huvaa kama marehemu, huiga mwendo na sauti yake, huwachekesha wafiwa hadi wasahau kidogo. Kapalata alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikwisha kuwachekesha watu kwenye misiba isiyo na idadi, na hakuna aliyewahi kuliona chozi lake.

Aliingia na kofia upande, chupa ya chai kwapani na miavuli mitatu. Hatua zake zilikuwa zile zile za dereva aliyekalia kiti cha lori miaka mingi, kiuno kigumu, magoti nje. Kila kitu kilikuwa sawasawa, hata tabia ya kuikoholea barabara kabla ya kuivuka, ambayo Bi Mwamvua aliitaja mara moja tu, katikati ya sura ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisahau.

"Habari zenu," Kapalata alianza kwa sauti ya Mwinchande. "Nimepita kurudisha miavuli..."

Akashindwa kuendelea. Aliweka miavuli chini, akakaa juu ya mkeka wa wanawake bila kuomba radhi, akajifunika uso kwa ile kofia, akalia kwa sauti. Watu walitazamana.

Hapo Bi Mwamvua akasimama. Alijua kwamba akinyamaza, wataondoka wakimheshimu. Akisema kweli, huenda wasimsamehe, kwa maana watu hawa waliacha biashara zao na kuchota mchele majumbani mwao kwa ajili yake.

"Ndugu zangu," alisema, "nawaomba radhi. Sina kaka. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu. Mwinchande nimemtunga. Ninaandika riwaya, na niliona haya kuwaambia."

Mwanamke mmoja alifungua kanga yake kiunoni, akaifunga tena, hakujua afanye lipi. Mzee mmoja kwenye benchi aliuliza, "Ina maana hakuna wa kuzika?" na mwenzake akamwashiria atulie.

Mzee Kapalata aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Na ile safari ya mvua, lori lilipozama matopeni akamwimbia utingo wake asiogope?"

"Nimeitunga."

"Na Siwema?"

"Naye pia."

Mzee alitafakari. Mtaa mzima ulikuwa unamsubiri yeye, kwa sababu msibani neno la mtani lina uzito wake. Akiamua kukasirika, wote watakasirika.

"Mfufue," alisema hatimaye.

"Sitamfufua."

"Mzaramo, nimekuja na miavuli mitatu. Mfufue."

"Amekufa, Mzee Kapalata. Nikimrudisha, na kilio chako kitakuwa cha uongo." Bi Mwamvua alijisikia akisema maneno yale kwa sauti iliyonyooka, na alijishangaa. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa mtu wa kuuliza bei ya vifaranga.

Mama Tunu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akijipiga mapaja, na wenzake wakafuata. "Tumepika sufuria mbili kwa ajili ya mtu aliyetoka kichwani mwa Mwamvua," alisema, na kicheko kikahamia kwenye mabenchi. Wali ukapakuliwa. Wakala, na kwa mara ya kwanza wakasema yote waliyoyaficha kwa heshima: nani alimpenda Siwema, nani alimwona Mwinchande mzembe, nani alitamani kumchapa makofi yule kaka mkubwa wa Siwema aliyeikataa posa. Waligombana mpaka alasiri. Bi Mwamvua alikaa katikati yao, hana hata nafasi ya kuongea, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha.

Hakununua vifaranga. Riwaya ilikamilika, ikachapishwa, na jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa lake. Siku ya kuizindua, katika ukumbi wa shule, mshereheshaji aliuliza kama kuna jirani anayependa kusema neno. Mzee Kapalata alijikongoja hadi mbele, akashika kipaza sauti.

"Mimi niliwahi kumuuliza huyu Mzaramo maneno yake atayatoa wapi," alisema. "Jibu alilonipa ni hili hapa: mke wangu alipofariki nilifanya utani, sikulia. Nilikwenda kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, na niliwalilia wote wawili siku ile."

Akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, akaenda kukaa. Bi Mwamvua aliinuka kwenye kiti cha mgeni rasmi, akaenda kukaa karibu naye.

Funzo: Usiache kazi uliyoianza uzeeni kwa sababu tu husikii makofi, wengine wanakufuata kimya kimya, na huenda anayekucheka ndiye anayeihitaji kuliko wote.