Nani Aliyemleta Mwalimu Mlangoni?

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni kwa muda, maana hadithi hii inahusu simu na haipendi kushindana nazo. Mwisho wake nitawauliza swali, kwa hiyo asisinzie mtu.

Mjini Mpwapwa palikuwa na fundi viatu aitwaye Ndahani. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, na kila mmoja alizaliwa na lake. Yoramu, kifungua mimba, alikuwa mtu wa watu. Akitumwa chumvi asubuhi alirudi mchana, kwa kuwa kila mlango aliopita ulikuwa na mtu wa kumsalimu, na mara nyingi chumvi yenyewe aliisahau. Sechelela, wa kati, alijua maneno. Ungemweleza shida yako nusu saa nzima, naye angekurudishia kwa sentensi moja, ukabaki unasema ndiyo, ndivyo hasa. Nehemia, kitinda mimba, alikuwa fundi wa vitu vilivyogoma. Kufuli, redio, kompyuta, chochote kilichokataa kufunguka kililetwa kwake. Hakusema neno mpaka kifunguke, na kikishafunguka bado hakusema sana.

Baba yao hakutengeneza viatu vya kila mtu. Hivyo vimejaa mnadani, mtumba juu ya mtumba. Ndahani alitengeneza viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Alipima kwa kamba, akaongeza soli upande uliopungua, kipande juu ya kipande, kisha akaizungushia ngozi kwa namna ambayo mpita njia asingejua kitu. Watu waliingia kwake wakichechemea, wakatoka wakitembea kama wengine. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na kisu cha kukatia ngozi.

Sasa kisu hicho kina sheria yake. Katika ukoo ule hushikwa na mtu mmoja. Mwenye kisu ndiye anayekata, na anayekata ndiye mwenye karakana. Wengine hushona, hugonga misumari na kupaka rangi chini yake. Zamani zile, baba yake alipokiweka mkononi mwa Ndahani, kaka yake mkubwa aitwaye Mika alivua aproni, akahamia Kibakwe. Miaka thelathini na mmoja imepita. Ndugu hao hukutana misibani tu, na hata huko kila mmoja hukaa upande wake wa turubai. Ndahani hakuwahi kulizoea jambo hilo. Lilimuuma, na alipozeeka lilizidi kumuuma.

Ikafika siku mikono yake ikaanza kutetemeka. Fundi anayetetemeka anaweza kushona polepole, lakini kukata hawezi, maana ngozi ikishakatwa vibaya haina dawa. Na wakati huohuo wateja walikuwa wakipungua. Wa zamani walihama au walifariki, na wapya hawakujua kwamba yupo.

"Tujitangaze, Baba Yoramu," mkewe alimwambia.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akajibu Ndahani.

"Haya. Mwezi huu kimejiuza kwa watu wangapi?"

Walikuwa wameingia watu wawili, na mmoja wao alikuwa anaulizia njia ya kwenda hospitali.

Ndipo Ndahani akawaita wanawe watatu. Akawaambia, "Mikono yangu mnaiona. Kukata nimewafundisha wote, na sioni wa kumshinda mwenzake. Lakini sitaki kumwachia mtu karakana tupu. Atakayeileta kazi mlangoni, huyo ndiye atakayeshika kisu." Aliona amesema la haki. Hakujua kwamba amejitegea mtego mwenyewe.

Nehemia alikuwa wa kwanza kuamka. Akatengeneza tovuti ya karakana, akapiga picha viatu vyote vilivyokuwa rafuni, akazipanga. Baba yake aliletewa kompyuta aone. Akavaa miwani, akatazama, akakunja uso.

"Hiki cha tatu kina gundi pembeni. Na hiki hakijapakwa rangi."

"Tutazibadilisha, baba. Ni za kuanzia tu."

"Basi ifunike. Mtu asiione mpaka tumalize."

Msimshangae mzee. Karakana ile ina mwiko: kiatu hakionyeshwi kabla hakijang'arishwa. Hata mwenye kiatu akitokea ghafla mlangoni, kazi hutupiwa kitambaa kwanza, ndipo akaribishwe ndani. Nehemia alikulia katika mwiko huo, akautii. Kwenye mipangilio ya tovuti kuna mahali pa kuweka alama ya kuziambia injini za kutafutia mtandaoni zipite mbali, na yeye akaiweka. Baada ya wiki mbili picha zote zilikuwa safi. Alama ikasahaulika palepale ilipokuwa. Wenyewe waliiona tovuti kila siku kwenye simu zao, kwa kuwa anwani yake waliijua, wakadhani dunia nzima inaiona.

Miezi saba ikapita. Hakuja mtu.

Siku moja Sechelela aliingia karakanani na simu mkononi. "Nimeandika viatu vya mguu mfupi, hatupo. Nimeandika Mpwapwa, hatupo. Nimeandika hata jina la baba. Nimempata Ndahani mmoja anauza mbuzi Kongwa."

Nehemia akafungua kompyuta. Akapekua mipangilio ya tovuti mpaka akaikuta ile alama, kisha akasema, "Kitambaa bado kipo."

Ikabidi amweleze baba yake. "Hizi injini zina wapekuzi, baba. Si watu, ni programu. Zinapita tovuti kwa tovuti zikisoma, na zikiona panafaa zinapaandika kwenye daftari kubwa la injini. Mtu akiuliza jambo, injini haiendi kulitafuta duniani, inafungua daftari. Usipoandikwa humo, mtu hakuoni."

"Na sisi?"

"Sisi tulimwambia mpekuzi asiingie."

Ndahani alikumbuka vizuri nani aliyesema ifunikwe, na aliona aibu.

Nehemia akaiondoa ile alama. Akachora ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake zote, akaipeleka kwa wenye injini ili mpekuzi ajue pa kupita. Siku ya tatu aliona nyayo: mpekuzi amekuja, ametazama, ameondoka. Na kwenye daftari hakuandika kitu.

"Sasa amekasirikia nini?" akauliza Ndahani.

"Hajakasirika. Amekuta picha hamsini na nane na maneno mawili tu, 'karibu sana.' Huyu anasoma, baba. Picha tupu hazimwambii mengi."

Hapo Sechelela akavuta kigoda. Kwa wiki tano aliwafuata wateja wa zamani mmoja mmoja, akawasikiliza, akaandika. Kila kiatu kilipata ukurasa wake: cha nani, mguu ulipungua kiasi gani, ulipimwaje, kilichukua siku ngapi, na atokaye mbali ashukie wapi. Baba yake alitaka aandike "viatu vya kurekebisha ulinganifu wa miguu," maneno aliyoyasikia kwa daktari akayapenda.

"Mwenye maumivu haandiki hivyo," Sechelela alimwambia. "Anaandika mguu mmoja mfupi, kiuno kinauma."

"Hayo si maneno ya kitaalamu."

"Ndiyo maneno yake, baba. Atatutafuta kwa maneno yake."

Nehemia akaipeleka ramani upya. Safari hii mpekuzi aliuandika ukurasa mmoja, ule wa mbele, akaacha mingine yote kwenye foleni. Wiki ikapita, na nyingine. Nehemia akasema, "Anajua tupo, ila hana haraka nasi. Hakuna hata tovuti moja inayotutaja. Usipotajwa na mtu anakuweka mwisho."

"Kutajwa tu?" akauliza Yoramu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiona mambo ya kompyuta hayamhusu. Akavaa kofia, akatoka.

Alikwenda kwa chama cha watu wenye ulemavu, akanywa chai. Akaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Dodoma, akanywa chai. Akaenda chuo cha ufundi ambako baba yake aliwahi kufundisha wiki mbili, wakamwambia njoo kesho, akaja kesho, wakamwambia njoo Jumatatu, akaja Jumatatu. Hakuomba wasifiwe. Aliomba wenye tovuti zao waje waone viatu kwa macho, na wakiridhika waitaje karakana na kuweka kiungo cha kufikia tovuti yake. Baada ya mwezi na nusu, tovuti sita zilikuwa zimewataja. Mpekuzi alipofika kwa hao sita alikuta njia inayoelekea Mpwapwa, akaifuata mara ya kwanza, akaifuata tena, na kabla mwezi haujaisha kurasa zote zilikuwa zimeandikwa daftarini. Kizuri kilikuwa kimejitembeza, na Mama Yoramu hakuacha kulisema hilo kila walipokaa kula.

Jumatatu moja asubuhi akasimama mlangoni mama mmoja mwenye begi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Alivaa viatu vya tairi, na chini ya kile cha kushoto alikuwa amegongelea vipande vingine vya tairi mwenyewe. Ndahani aliviona viatu vile kabla hajauona uso wa mtu, na moyo ukamuuma.

"Shikamoo mzee. Hapa ndipo kwa fundi Ndahani?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Umetoka wapi?"

"Kahama. Naitwa Kabula, ni mwalimu. Nimesafiri tangu jana."

"Pole na safari. Na hapa umeelekezwa na nani?"

Aliuliza kama anavyomuuliza kila mgeni. Lakini nyuma yake nyundo mbili zilinyamaza, na cherehani nayo ikanyamaza.

"Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi," mwalimu alisema. "Nikisimama vipindi viwili, cha tatu siwezi. Basi nikaandika kwenye simu vile ninavyojisikia, mguu mmoja mfupi kiuno kinauma, ukatokea ukurasa wenu unasema maneno hayohayo yangu. Nikaogopa, matapeli ni wengi siku hizi. Lakini nikaona chama cha walemavu kinawataja, nikasema hawa ni watu wa kweli. Ajabu ni kwamba mwanzoni mwa mwaka niliandika maneno yaleyale, na hamkuwepo kabisa. Barua sijaipeleka. Nimesema nije kwanza. Na wenzangu wawili wananisubiri, wakiona nimefanikiwa nao watakuja."

Ndahani akampima mguu kwa kamba. Kazi ilikuwa imefika mlangoni. Alimwambia mwalimu arudi kesho asubuhi, ngozi ikatwe mbele yake.

Jioni walikaa uani. Nehemia ndiye aliyeanza, na si kawaida yake. "Mimi msinihesabu. Niliufungua mlango nilioufunga mwenyewe."

"Uliufunga kwa kuambiwa," alisema Yoramu. Kisha akatabasamu. "Ila mlango wazi uliopo porini, nani angeufuata kama hajaelekezwa?"

"Na akielekezwa akakuta chumba kitupu?" Sechelela akadakia.

"Na chumba kikijaa, mlango ukiwa bado na kufuli?" akamalizia Nehemia kwa sauti ndogo.

Wakacheka wote watatu. Ndahani akakisikiliza kicheko kile mpaka mwisho, akasikia kinavyopungua, na kila mmoja akatazama pembeni. Yeye na Mika waliwahi kucheka hivyohivyo, wiki moja kabla ya kisu kutolewa. Aliogopa, na hakuona haya kumwambia mkewe kwamba anaogopa.

"Nikimpa Nehemia," alimwambia, "watasema aliyewafungia njia ndiye aliyetuzwa. Nikimnyima, nimemwadhibu kwa kunitii mimi. Nikimpa Sechelela, ni haki, mgonjwa ametutafuta kwa maneno yake. Lakini maneno hayo yalikaa wiki nyingi hayasomwi na mtu. Nikimpa Yoramu, ndiye aliyetufanya tuaminike. Lakini alichokitembeza ni kazi ya wenzake."

"Wape wote," mkewe alisema.

"Wakataji wawili wakikata kiatu kimoja, mguu mmoja utazidi mwingine tena. Na niliahidi mmoja."

"Uliahidi," alikubali Mama Yoramu, akaondoa vyombo.

Asubuhi ya Jumanne ngozi ilikuwa mezani, imechorwa kwa chaki kufuata kipimo. Mwalimu Kabula alikaa kwenye benchi, amevua vile viatu vya tairi, miguu yake juu ya gunia safi, akiangalia chaki ile kwa hamu. Kisu kilikuwa mkononi mwa Ndahani. Wanawe watatu walisimama upande wa pili wa meza, na kila mmoja aliangalia sakafu ili asionekane anaangalia kisu.

Hapo ndipo ninapojua mimi, sijui mbele ya hapo. Na msiniletee ujanja wa kukishika kwa zamu, wala wa kurudisha kisu mfukoni, maana mzee hawezi tena kukata na mwalimu hawezi kurudi Kahama kwa viatu vile. Mmoja atakata leo. Alete hoja yake kila aliyesikiliza, mkubwa kwa mdogo: kisu hicho ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia neno gani ili kesho asubuhi waje kazini?