Nguchiro na Sinia Lililofunikwa

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa, na chini ya kawa pana nini?

—Sinia!

Na ndani ya sinia?

—Hatujui!

Mngejuaje, nanyi mmekuja mikono mitupu, hata kipande cha muhogo hamkuniletea. Haya, kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, nianze.

Hapo kale wanyama wakubwa walikuwa wakifuga wanyama wadogo. Mama Tembo, mkuu wa soko, alimfuga Kobe. Twiga alimfuga Kinyonga. Na Kifaru, mkali kama mnavyomjua, alimfuga Dundu, yule anayeviringisha samadi, tena alimpenda mpaka machozi yakamlengalenga, akayaficha. Mkubwa akisafiri, mdogo wake humwacha kwa Nguchiro. Nguchiro alikuwa na kibanda cha makuti kando ya soko, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, kulea wanyama wa watu.

Basi Nguchiro akala vizuri, akalala vizuri. Kisha akaja Fisi.

Fisi akajenga banda lake mkabala, ua mrefu, lango pana. Nguchiro akiwaogesha wageni wake kwa maji ya mwarobaini, chubwi, Fisi anawaogesha wake mara tatu, chubwi chubwi chubwi. Nguchiro akitundika kitambaa cha kijani mlangoni, Fisi anatundika vitatu. Nguchiro akiwaimbia wageni wimbo mmoja wa kuwalaza, Fisi anaimba nyimbo tatu, na sauti yenyewe ni ile ile, uuu-wiip! Wateja wakaona mambo si hayo! Wakahamia kwa Fisi.

"Mbona unaniiga, Bwana Fisi?" Nguchiro akamuuliza.

"Sikuigi, Bi Nguchiro. Naboresha."

Siku moja Swala alikwenda kumchukua Kware wake kwa Fisi. Fisi akamwambia, "Ametoroka. Mtoto mtundu yule!" Lakini Nguchiro alikuwa amechungulia uani, akamwona Fisi akichokonoa meno kwa unyoya wa Kware, chok, chok. Alipowaambia watu, wakamcheka. Wakasema huo ni wivu wa biashara.

Haya, ikatangazwa harusi ya Nyumbu, ng'ambo ya mto, siku tatu nzima. Wakubwa wote wataondoka kesho yake asubuhi, na wadogo wote watalazwa kwa Fisi. Kwa Nguchiro alibaki Kobe peke yake, naye alibaki kwa sababu tangu juzi alikuwa bado anaelekea mlangoni.

Nguchiro akakaa kizingitini akalia. Kibanda si kitu, angepata shimo lingine la kukaa. Ila Kinyonga aliyemzoea, na Dundu aliyekuwa akilala kwapani mwake, hao watarudi kwa nani? Alijua kabisa kwamba harusi ikiisha, Fisi atawaambia watu wametoroka wote.

Alipoinua uso akaona jicho kwenye ufa wa ua. Jicho la Fisi. Kila asubuhi alikuwa akichungulia pale aone cha kuiga. Nguchiro akafuta machozi.

Akaingia ndani, akakaanga kumbikumbi kwa mafuta, chwaa! Harufu ikapanda. Akaandaa sinia, akalifunika kawa, akaketi kizingitini na Kobe wake, akiupa ufa mgongo. Akainua kawa kidogo, akala, akarudisha kawa. Akala tena, akarudisha. Akalamba vidole, mwa, mwa, mwa. Akacheua kwa sauti. "Kobe mwanangu," akasema, "tukila hivi kila siku si tutapasuka?"

Kule kwenye ufa udenda ukadondoka, to, to, to.

Nguchiro akaenda sokoni, akapuliza mbiu, puuu! "Kwangu mimi," akasema, "mlezi hula sinia moja na mgeni wake, mwenyewe akiona!"

Fisi akaja mbio, akamnyang'anya mbiu. Puuu! Puuu! Puuu! "Na kwangu mimi, mlezi hula chakula kile kile cha mgeni, tena mara tatu, mwenyewe akiona!"

Mama Tembo akamtazama. "Bwana Fisi, unaijua sheria ya soko. Ahadi ya mbiu haivunjwi. Anayeivunja anang'oa ua wake na kuondoka nao."

"Naijua, mama. Leteni wageni, leteni na chakula chao!" Uchu ulikuwa umemziba masikio. Hakukumbuka hata wageni wanakula nini.

Kesho yake watu wakapanga foleni langoni kwa Fisi.

Akatangulia Mama Tembo, amembeba Kobe kutoka kwa Nguchiro, na majani ya dungusi kakati, miiba kibao. Kobe akala jani moja. Fisi akala matatu. Kach! Yalaa! Kach! Yalaa! Kach! Mama wee!

Akafuata Twiga na Kinyonga wake. Kinyonga akadaka nzi watano. Fisi akaanza kuwafukuza wake kumi na watano, kwap, kwap, akizunguka uani ulimi nje. Kwap! Akapiga ukelele.

"Huyo ni nyuki," Mama Tembo akasema. "Hahesabiwi."

Akajikongoja hivyo hivyo mpaka wakatimia, ulimi umevimba. Kisha akaja Kifaru. Akamweka Dundu chini taratibu, na mbele yake donge moja la samadi, kubwa kama ndimu. Dundu akala, akashukuru. Mbele ya Fisi, Kifaru akaweka madonge matatu.

Fisi akayatazama. Akamtazama Kifaru. Akayatazama tena.

"Mzee Kifaru," akasema, "leo mimi nimefunga."

"Umefunga na nzi mdomoni?"

Fisi akang'oa ua. Akang'oa fito moja moja huku soko zima linatazama, akajitwika mgongoni, akaondoka nao. Mzigo ukamwelemea nyuma, na mpaka leo mgongo wake umeinama huko huko.

Nguchiro alikuwa hajapumua bado, Kifaru akamgeukia.

"Na wewe, Bi Nguchiro. Ulipuliza mbiu. Utakula sinia moja na Dundu wangu?"

Hilo Nguchiro alijua litakuja. Akaleta sinia. Akafunua kawa. Upande mmoja samadi, upande mwingine kumbikumbi wa kukaanga.

"Samadi sioni ukiila," Kifaru akasema, pembe imeanza kuinama.

"Shikamoo, Mzee Kifaru. Nyumbani kwako, ukila sinia moja na mgeni, mkono wako huvuka upande wake?"

"Mimi?" Kifaru akang'aka. "Mimi nina adabu zangu! Nakula kilicho mbele yangu!"

"Na mimi nina zangu, mzee wangu."

Akaketi. Dundu akala mbele yake, Nguchiro akala mbele yake, na kila mmoja akashiba. Kifaru akacheka mpaka machozi yakamtoka, safari hii bila kuyaficha. Nguchiro akashusha pumzi, hhhaaa, pumzi ya mwezi mzima.

Wakubwa wakaenda harusini wakacheza. Siku ya nne wakarudi, wakawakuta wadogo zao wote, wameoga, wamenenepa, wazima. Swala akamkumbuka Kware wake, akalia, akamwomba Nguchiro msamaha. Na Kobe? Kobe alikuwa ndiyo kwanza anafika tena mlangoni, akageuka akarudi ndani. Nguchiro alilala mchana kutwa, Dundu kwapani, na hakuna jicho tena la kumchungulia.

Hadithi inatufunza nini? Inatufunza kwamba mfanyabiashara mwema hana hila, wala hafichi kitu chini ya kawa. Nguchiro mwenyewe nilimwambia hivyo, akakubali kabisa, akatikisa kichwa sana, huku analifunika sinia.

Nami hadithi yangu nimeifunika. Tamu yake chukueni, makombo nipeni mie nimpelekee Kobe, kama bado yuko njiani.