Mkasi Atafuta Kiwanja

Ngano, ngano!
— Itoe ghalani!
Niitoe nusu ama nzima?
— Nzima, na pumba zake!

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikia, palikuwa na mwanamke jina lake Mkasi. Alikuwa mjane, msusi wa mikeka, akiishi na mama yake asiyeona. Mali yao ilikuwa ng'ombe wachache aliowaacha marehemu mumewe, basi.

Siku moja mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba Sultani atajenga soko jipya nje ya mji. Upande gani, hakusema. Mji ukachachamaa. Kila mtu akataka kiwanja karibu na soko, ajenge vyumba, apangishe, ale kodi uzeeni. Mkasi naye akataka. Lakini akikosea, ng'ombe wamekwenda, na mama atakula nini?

Akaenda kwa Hondohondo, ndege mwenye kuagua mvua.

"Bwana Hondohondo, soko litakuwa wapi?"

"Mashariki. Mimi huruka juu, naona mbali."

"Na lisipokuwa mashariki?"

Hondohondo akanuna, akaruka zake.

Akaenda kwa Kinyonga.

"Mzee Kinyonga, soko litakuwa wapi?"

"Magharibi. Jicho langu la nyuma limekwisha kuliona."

"Na lisipokuwa magharibi?"

Kinyonga alikuwa kijani, akawa kahawia.

Njiani akakutana na kaka yake, Mwinjuma, aliyekwisha kutoa zizi zima apate kiwanja cha mashariki. Mwinjuma akamcheka, akamwambia yeye anauliza na viwanja vinakwisha. Mkasi akaketi kando ya kichuguu, na hapo akamwona Mchwa akiziba ufa.

"Ndugu Mchwa, soko litakuwa wapi?"

"Hatujui, mama."

Mkasi akajiweka sawa, maana jibu hilo hakuwa amelisikia kwa yeyote.

"Kama hamjui yajayo, mnajengaje?"

"Hatuulizi mvua itatoka wapi. Twauliza: ikitoka huku, tutapona? Ikitoka kule, tutapona? Isipokuja kabisa, tutapona? Tukiona tutapona, twajenga."

Mkasi akainuka, akaanza kutembea. Mvua iliponyesha akaenda mashariki, akakuta maji yamesimama hadi magotini. Akaenda magharibi, akachimba, akaonja: maji ya chumvi. Akaenda kusini, penye kivuko cha wachungaji, pahali asipopataka mtu. Akachimba, akaonja: maji matamu. Akawaza, soko likija, heri. Lisipokuja, watu hawataacha kunywa maji. Akatoa ng'ombe mmoja, akapewa kipande kidogo. Waliobaki akawaacha kwa ajili ya mama.

Akajenga vyumba vya wafinyanzi, kwa kuwa udongo ulikuwa jirani. Mfinyanzi hata mmoja hakuja. Masika yakapita, vyumba vitupu, popo wakahamia. Mama akawa anauliza kila jioni kama kuna mtu amebisha hodi, na Mkasi akawa anajibu bado, huku akisuka mkeka asiouona kwa mawazo.

Hata wakaja watengeneza ngozi, wakitafuta maji ya kuloweka. Wakaja na ngozi zao na uvundo wao. Mkasi akaziba pua kwa mkono mmoja, akapokea kodi kwa mkono wa pili.

Na soko? Sultani alikufa kabla ya jiwe la kwanza. Mwanawe alipenda farasi, akajenga mabanda ndani ya mji. Mashariki pakafurika, pakawa pa vyura.

Mwinjuma akaja na mkewe na wanawe, hana zizi, hana nyumba. Mkasi akampa chumba, asimtajie lililopita. Walipokwisha kula, Mwinjuma akauliza:

"Dada, nani alikwambia?"

"Hakuna, kaka. Sikujua."

"Hukujua?"

"Hata kidogo. Mimi nilingoja wafinyanzi."

Mwinjuma akacheka, mara ya kwanza tangu mafuriko. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, maji matamu mtu huyatambuaje kabla hajachimba. Mkasi akasema hata yeye hana hakika, ila kuna majani fulani anayashuku. Akachukua jembe, wakatoka pamoja kwenda kutazama.

Wasia wa ngano ni huu: kesho haina dalali. Anayekuuzia kesho, mwulize, ikiwa sivyo, nitalala wapi?

Hapo ndipo ngano yangu ilipojilaza. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nitafune. Nami nilipita kule nikapewa kiwanja kidogo, lakini nimekidondosha njiani nikija kwenu.