Kwa Nini Muhogo Mchungu Hulowekwa

Sogeeni, na anayetafuna ateme kwanza, maana habari hii haisikilizwi mdomo ukiwa na kitu.

Zamani hizo muhogo wote ulikuwa mtamu. Mtu aliung'oa, akaumenya, akautafuna mbichi papo hapo shambani. Tatizo ni kwamba nguruwe pori nao walikuwa na meno. Kila walipopita kwa Nambunga, mjane mwenye watoto wanne, waliacha mashimo matupu. Alijenga uzio, wakaubomoa. Alipiga ngoma kuwafukuza, wakaizoea. Watoto wakawa wanalala njaa, na Nambunga akachoka, akachoka kabisa.

Asubuhi moja aliketi kati ya matuta akaugombeza muhogo. "Na wewe umezidi upole! Kila anayekuja anakula tu. Huwezi kujitetea?"

"Naweza kujitia sumu," muhogo ukamjibu. "Lakini sina macho, mama. Sitajua domo lipi ni la nguruwe na kinywa kipi ni cha mwanao."

"Jitie," akasema Nambunga. "Wangu nitawalinda mwenyewe."

Basi muhogo ukamfundisha: aumenye, auloweke mpaka ulainike, kisha auanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo sumu itakapotoka. Nambunga akashika yote. Nguruwe waliofukua siku ile hawakufika porini, na wenzao walipoona hivyo wakahama njia. Ghala likajaa makopa ya muhogo ule uliokaushwa, watoto wakashiba mpaka wakaanza kuchagua.

Kisha ukaja ukame, ukame usio na huruma. Kisima kikabaki tope. Chakula kingine hakuna, asubuhi muhogo, jioni muhogo, na maji ya kulowekea ndiyo hayo hayo watu waliyotaka kunywa. Somoe, bintiye mkubwa, yule ambaye ngoma ikilia tu miguu haitulii, akawa analia njaa mchana kutwa. Masikini Nambunga! Akauopoa muhogo haujalainika, akautwanga ungali na unyevu, akasonga ugali. Wakala. Hakuna aliyekufa. Kesho yake akafanya vilevile, na mwezi ule wote pia.

Siku moja Somoe aliinuka kwenda kuokota kuni, akaanguka. Miguu ilikuwa imekakamaa kama mipini ya jembe. Wala haikumuuma, ilikataa tu kwenda.

Nambunga alikimbilia shambani, akapiga magoti. "Itoe! Itoe sumu yako, nakuomba! Nimekosa mimi, siyo mtoto!"

"Ukitaka naitoa," muhogo ukasema. "Ila miguu ya Somoe hairudi. Na nguruwe wako pale kichakani wanakutazama. Nikiwa mtamu leo, kesho hamna kitu, nawe una watoto wengine watatu."

Nambunga akageuka, akawaona. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Basi, bakia hivyo hivyo," akarudi nyumbani kumbeba mwanawe mgongoni.

Na tangu siku hiyo nguruwe huupitia mbali muhogo mchungu, nasi huuloweka na kuuanika, iwe mvua, iwe ukame. Mtoto akilia njaa kando ya mtungi wa kulowekea muhogo, mamaye humwambia, "Bado." Naye mama ana njaa vilevile. Humwambia hivyo akitazama pembeni, ili mtoto asimwone machozi.