Tembo, Kifaru na Maji ya Mzazi

Hadithi, nije nisije?
— Njoo, mlango u wazi.
Nije na kweli au nije na uongo?
— Njoo navyo vyote, tutavichambua wenyewe.

Basi alikuwako Chatu, na huyo Chatu alikuwa hashibi. Akameza nchi ya mawio, hakushiba. Akameza nchi ya machweo, hakushiba. Alipolifikia bwawa lililo juu ya kilima, wanyama wakaona wamekwisha. Ndipo Tembo na Kifaru, ambao hata kuamkiana hawakuwa wakiamkiana, wakakaa kwenye sinia moja wakala. Tembo akamwita Kifaru ndugu yangu. Kifaru akamwita Tembo ndugu yangu wa tumbo moja. Wakaapa kwamba Chatu akifa, bwawa litakuwa la wote.

Vita vikapigwa. Ndi, ndi, ndi, Tembo anakanyaga mkia. Ndi, ndi, ndi, Kifaru anachoma ubavu. Lakini kule kichwani, kwenye meno, walikwenda akina nani? Walikwenda nguchiro, wanyama wasiofika hata goti la mbuzi. Walikwenda sitini, wakarudi tisa. Mume wa Bi Nguchiro hakurudi. Mkewe akabaki na mimba, na kichuguu cha kuishi kule bondeni, chini ya bwawa.

Chatu akafa. Wakubwa wakapigiwa vigelegele. Majina ya nguchiro hayakutajwa, wala hakuna aliyeyauliza.

Hata wiki haikuisha. Tembo akasema ni yeye aliyemuua Chatu. Kifaru akasema mkia hauui, ubavu ndio unaoua. Tembo akashika upande huu wa bwawa, Kifaru akashika upande ule, na katikati wakajenga ua wa miiba. Ua ukakata bwawa vipande viwili, ukateremka kilima, ukapita juu ya kichuguu cha Bi Nguchiro: jiko likawa kwa Tembo, chumba cha kulala kikawa kwa Kifaru. Kisha wakaanza kupanga mawe kule juu. Tembo akipanga kumi, Kifaru anapanga kumi na moja. Kifaru akipanga ishirini, Tembo anapanga ishirini na moja. Hawakupigana. Walitazamana tu, na mawe yanazidi kuning'inia juu ya vichwa vya watu wa bondeni.

Amri ikatoka: anayekunywa kwa Tembo asionekane kwa Kifaru, anayekunywa kwa Kifaru asionekane kwa Tembo, na asiye na upande asinywe.

Siku ileile Bi Nguchiro akajifungua watoto watatu. Sasa, mila ya nchi ile ni kwamba mzazi hatoki nje mpaka arobaini zitimie. Maji huletewa mlangoni, na wa kuyaleta ni mkubwa wa nchi. Mkubwa asiyeleta maji ya mzazi si mkubwa, hata awe na mwili kama nyumba.

Siku ya kwanza maji hayakuja. Siku ya pili hayakuja. Siku ya tatu maziwa yakamkauka Bi Nguchiro, watoto wakawa wanalia kilio kikavu, nyii, nyii, kama bawaba isiyopakwa mafuta. Kanga, jirani yake aliyemzalisha, akapanda juu kuwaombea. Akarudi manyoya yametimka. Alisema kila mmoja anataka mzazi achague upande kwanza ndipo apewe maji, na jibu watakuja kulichukua leo kabla jua halijatua. Akimchagua huyu, yule atakibomoa kichuguu.

"Chagua mmoja, shoga," Kanga alimwambia. "Bora ufe upande mmoja kuliko kufa pande zote."

Bi Nguchiro akawatazama wanawe. Hasira ikampanda mpaka mkia ukasimama. Baba yao amefia mdomoni mwa Chatu kwa ajili ya maji haya haya, leo yeye aulizwe yuko upande gani? Lakini hasira ya mdogo ikitoka nje hukanyagwa. Akaimeza, akafuta macho, akangoja.

Tembo akaja, ti, ti, ti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umechagua?"

Bi Nguchiro akasema kwa haya kwamba mila itamchagulia. Ila amesikia Bwana Kifaru anajiita mkubwa wa nchi, na ati maji yake hayatabebwa kwa kata, yatakuja mlangoni yakitembea yenyewe.

"Yatembee vipi?"

"Kwa mfereji, mzee wangu. Atauchimba kwa pembe. Anasema pembe zako wewe ni za urembo."

Masikio ya Tembo yakapiga, pwa, pwa. Akageuka bila kuaga.

Kifaru akaja, tu, tu, tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umechagua?"

Bi Nguchiro akamwambia yaleyale, ila mfereji sasa ukawa wa Tembo.

"Na pembe yangu ameisemaje?"

"Naona haya kutamka, mzee wangu. Anasema ni ya kukunia mgongo."

Kifaru akatifua vumbi, akageuka.

Kazi ikaanza. Kwaru, kwaru, upande huu. Kwaru, kwaru, upande ule. Tembo akichimba kina cha goti, Kifaru anachimba kina cha kifua. Kanga akatua juu ya ua, akawa anampasha kila mmoja kwamba mwenzake yuko mbele kidogo. Jua halijatua, maji yakashuka, chururu huku, chururu huku, yakatuama mbele ya mlango wa mzazi. Bi Nguchiro akanywa, maziwa yakarudi. Watu wa bondeni wakateka, hakuna aliyeulizwa upande.

Wakubwa wakaja wakihema kuuliza ya nani yamefika kwanza. Bi Nguchiro akajibu kwamba mzazi hatoki nje, yeye alisikia chururu tu. Ila maji ya mzazi ni ya siku arobaini, na atakayeziba mfereji wake kabla ya hapo, nchi nzima itajua kwamba si mkubwa. Hakuna aliyeziba.

Siku ya arobaini bwawa lote lilikuwa bondeni. Tembo na Kifaru walikuwa kule juu, matope mpaka kwenye vifundo, wakilinda ua. Kushuka hawakuweza, maana atakayeondoka kwanza ameshindwa. Wakaita kwa sauti za kukauka, wakamwomba Bi Nguchiro awapelekee maji.

Bi Nguchiro alikuwa ndiyo kwanza anawatoa wanawe nje, anawaogesha.

"Maji hupelekewa mzazi, wazee wangu," alisema. "Ni nani kati yenu amejifungua?"

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba waheshimuni wakubwa, maana wao ndio wanaotulindia amani. Na mwanamke mwenye mtoto mchanga asijitie katika mambo ya vita na mipaka. Akae ndani, anyamaze, achague upande alioambiwa. Bi Nguchiro alikosa adabu, na ndiyo maana wanawe wako hai.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ikiwa tamu ilambeni, ikiwa chungu wapelekeeni wenyewe.